Kiuno kinachouma kwa miezi: jinsi ya kuifanya fiziotherapia ikusaidie, hatua kwa hatua

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mwili kwa mazoezi na mikono, na maswali ninayoulizwa kazini ni yale yale, awe anayeuliza ni dereva wa matatu wa Jogoo Road au mhasibu wa Upper Hill. Nipigwe MRI, ile picha ya ndani ya mgongo, kwanza? Nilale sakafuni? Mna ile mashine ya umeme? Nikija mara tatu nitakuwa nimepona? Nimeamua kuyajibu kwa mpangilio, ili anayeanza leo ajue afanye nini kesho asubuhi.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima ambaye kiuno kimemuuma kwa zaidi ya wiki 12, kiwe kinauma kila siku au kinauma na kuacha. Kama uliteguka juzi ukiinua gunia, hali yako ni nyingine: mara nyingi maumivu hayo hupoa yenyewe ndani ya wiki chache, mradi uendelee kutembea na kufanya kazi nyepesi badala ya kujilaza kutwa. Mjamzito, mtu aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo na mwenye mifupa iliyodhoofika waanze kwa mtaalamu moja kwa moja, maana baadhi ya mazoezi yaliyo hapa itabidi yabadilishwe.

Jambo moja ulijue mapema. Kazi kubwa ya tiba hii hufanyika nyumbani kwako, kwenye mkeka, wala si kwenye kitanda cha kliniki. Wiki ina saa 168. Ukikaa nami saa moja, zinabaki 167, na hizo ndizo zitakazoamua.

Nadharia kidogo tu

Kwa takribani watu 9 kati ya 10 wenye maumivu ya kiuno, hakuna kitu kimoja kilichovunjika au kuoza ambacho daktari anaweza kukigusa kwa kidole na kusema ni hiki. Misuli imepoteza nguvu, viungo vimekakamaa, usingizi umeharibika, na neva zimezoea kutoa onyo hata kwa mwendo usio na hatari yoyote. Maumivu ni ya kweli, si ya kujitungia. Ila kuuma na kuharibika ni mambo mawili tofauti.

Ndiyo maana siharakishi kumtuma mtu kwenye MRI. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliangalia picha za watu wasioumwa mgongo hata kidogo. Diski zilizochakaa, yaani ile mito laini iliyo kati ya pingili za mgongo, zilionekana kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20, na kwa asilimia 96 ya watu wa miaka 80. Ripoti yako ikisema diski zimechakaa, chukulia kama umeambiwa una mvi. Picha ina kazi yake pale tu ambapo dalili za Hatua ya 1 zipo, au pale ambapo majibu yake yatabadilisha tiba.

Vitu vya kuandaa

Huhitaji jimu. Tafuta hivi:

- Mkeka, au blanketi lililokunjwa mara mbili juu ya sakafu. Kitandani hapafai, godoro linabonyea.
- Taulo moja na mto mmoja.
- Kiti imara kisicho na magurudumu.
- Ufagio wa mpini mrefu, au fimbo iliyonyooka.
- Mitungi ya maji: wa lita 5, wa lita 10, na ule wa lita 20 ambao kila nyumba ya Nairobi inao. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo umeshapata vyuma vya mazoezi.
- Viatu vya kutembelea visivyoteleza.
- Daftari. Ya simu inatosha, lakini ya karatasi hudumu zaidi kwa sababu haikatizwi na ujumbe wa WhatsApp.
- Dakika 25 za mazoezi kwa siku, mbali na kutembea, zenye saa maalumu. “Nikipata nafasi” si saa.

Hatua ya 1: Hakikisha si jambo la hospitali ya haraka

Hatua hii usiiruke hata kama kiuno kimekuuma miaka kumi. Nenda hospitali leo hii, usingoje kesho, ikiwa:

- umeanza kuhisi ganzi sehemu za siri, kwenye njia ya haja au upande wa ndani wa mapaja;
- mkojo unakataa kutoka, au mkojo na haja kubwa vinakutoka bila kujua;
- miguu yote miwili inaishiwa nguvu, au unyayo unaburuta;
- maumivu yamekuja baada ya kuanguka au ajali, mathalani ya boda boda.

Dalili tatu za mwanzo zinaweza kumaanisha kwamba neva za chini ya uti wa mgongo zimebanwa, na hapo saa zinahesabika.

Kuna kundi la pili ambalo si la mbio lakini linamhitaji daktari kabla ya mazoezi: homa, jasho jingi usiku, kupungua uzito bila sababu, historia ya saratani, kutumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, au maumivu yasiyotulia kwa mkao wowote hata usiku wa manane. Hapa kwetu nasisitiza kifua kikuu. Watu wengi hudhani ni ugonjwa wa mapafu pekee, lakini hushambulia pia pingili za mgongo, na mgonjwa anaweza asikohoe hata kidogo. Kama umewahi kuishi na mtu anayetibiwa TB, au kinga yako ya mwili iko chini, litaje hilo hata usipoulizwa.

Kijana aliye chini ya miaka 40 ambaye kiuno hukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, kisha hulegea akianza kutembea, naye amwone daktari. Yapo magonjwa ya baridi yabisi ya mgongo yanayoanza hivyo hivyo, na yana dawa zake.

Hatua ya 2: Tafuta mtaalamu aliyesajiliwa

Nchini Kenya kazi hii inasimamiwa na sheria ya mwaka 2014 iliyounda baraza la wataalamu wa fiziotherapia. Mtu yeyote anayejiita mtaalamu anapaswa kuwa na usajili na leseni, na si kukosa adabu kuomba kuiona. Mtu wa kukanda mwili kwenye jimu au saluni anaweza kukustarehesha, lakini hajafundishwa kupima neva za mguu wako.

Hospitali za umma kama Mbagathi, Mama Lucy Kibaki na Kenyatta zina idara za fiziotherapia. Kenyatta ni hospitali ya rufaa, hivyo anza karibu na kwako, utumwe huko ikibidi. Foleni zipo, usijidanganye. Lakini kwa tatizo hili foleni si mwisho wa dunia, kwa sababu hutakiwi kwenda kila siku. Mtu anayefanya kazi yake nyumbani anaweza kuonana na mtaalamu mara moja kwa wiki mwanzoni, kisha kila baada ya wiki mbili au tatu.

Suala la malipo limalize dirishani kabla ya kuvua viatu. Tangu SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya umma, ichukue nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, wengi hufika wakidhani kadi ya zamani itafanya kazi. Uliza kipindi kimoja ni pesa ngapi, bima yako inalipia vipindi vingapi, na kama barua ya daktari inahitajika.

Onyo: ukiuziwa kifurushi cha vipindi 20 vilivyolipwa kabla hata hujapimwa, chukua mkoba wako uondoke. Hali kadhalika ukiwekwa chini ya mashine dakika 40 kila siku bila kufundishwa zoezi lolote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi, na baadhi ya tiba za mikono kama kukandwa. Unashauri dhidi ya kuvuta mgongo kwa mashine, mikanda ya kiuno, mawimbi ya ultrasound na vile vijiumeme vya kubandika kuwa tiba ya kawaida. Sasa fikiria ni mara ngapi mgonjwa wa Nairobi hupewa vitu hivyo vinne, na ni mara ngapi hupewa karatasi ya mazoezi.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza, ingia na habari kamili

Vaa nguo zinazokuruhusu kuinama na kukunja goti. Beba picha na dawa ulizonazo, zikiwemo zile za duka la dawa ambazo hakuna daktari aliyekuandikia.

Utaulizwa maswali mengi: maumivu yalianza lini, yanashuka mguuni au la, yanazidi ukikaa au ukisimama, kazi yako ni ipi, unalala vipi. Jibu kwa uwazi hata kuhusu mawazo na msongo nyumbani. Si udaku. Mtu asiyelala huumwa zaidi, na mtaalamu asipojua hilo atahangaika na misuli bure. Halafu utapimwa: kuinama, kupinda, kuinuliwa mguu ukiwa umelala chali, nguvu za vidole vya miguu, hisi za ngozi.

Kabla hujatoka, andika vipimo vitatu daftarini:

1. Dakika unazoweza kutembea kabla maumivu hayajakulazimisha kusimama.
2. Mara unazoweza kuinuka kitini na kukaa tena ndani ya sekunde 30 bila kushika.
3. Jambo moja unalotaka kurudi kulifanya: kubeba mtoto, kukaa ibada nzima, kupanda ngazi hadi ghorofa ya nne na maji mkononi.

Watu hunipuuza hapa kuliko mahali pengine popote. Wanataka kupima maumivu tu. Maumivu hupanda na kushuka kwa sababu nyingi, na wiki ya tatu utaapa hakuna kilichobadilika, wakati daftari linasema ulitembea dakika 8 na sasa unatembea 20.

Uliza pia maswali mawili kabla ya kuaga: “Zoezi gani moja nisilikose?” na “Nikizidiwa nifanye nini?” Asiyeweza kuyajibu kwa lugha unayoielewa hajamaliza kazi yake.

Hatua ya 4: Jifunze kanuni ya maumivu kabla ya zoezi la kwanza

Jipimie maumivu kutoka 0 hadi 10. Wakati wa zoezi yakifika 4, endelea. Yakivuka hapo, punguza mwendo au idadi. Kisha tazama kesho yake asubuhi: ukiamka katika hali yako ya kawaida, kiasi kilikuwa sawa. Ukiamka umezidiwa, kata kiasi hicho nusu siku inayofuata. Kata nusu, usiache.

Kwa mwenye maumivu yanayoshuka mguuni kuna kanuni ya ziada. Zoezi likiyarudisha maumivu kutoka kwenye shavu la mguu kuja kwenye paja, au kutoka pajani kuja kiunoni, ni dalili nzuri hata kama kiuno chenyewe kimeongeza kuuma kidogo. Zoezi likiyasukuma yashuke kuelekea unyayoni, liache siku hiyo hiyo na umwambie mtaalamu. Robin McKenzie, mtaalamu wa New Zealand, ndiye aliyeufanya ukaguzi huu ujulikane, na bado ni miongoni mwa vipimo rahisi unavyoweza kujifanyia mwenyewe sebuleni.

Hatua ya 5: Wiki ya 1 na 2, legeza

Fanya mara mbili kwa siku, asubuhi baada ya kuamka kwa nusu saa hivi, na jioni.

*Kubonyeza kiuno sakafuni.* Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Toa pumzi huku ukibonyeza kiuno taratibu kiguse mkeka. Legeza. Mara 10. Usikaze shingo.

*Goti kifuani.* Vuta goti moja kwa mikono miwili, shikilia sekunde 5, rudisha. Mara 8 kila mguu.

*Paka na ngamia.* Piga magoti, viganja chini ya mabega. Pandisha mgongo kama nundu ukitoa pumzi, kisha ushushe polepole. Mara 8. Nenda hadi pale mwili unaporuhusu, usilazimishe mwisho.

*Kulala kifudifudi.* Anza kwa dakika mbili tu, mto chini ya tumbo kama kiuno kinalalamika. Siku zinazofuata jiinue kwa viwiko, kisha kwa viganja, nyonga zikibaki chini. Mara 10. Zoezi hili ndilo linalohitaji ile kanuni ya mguu. Kuna watu linawafaa sana, hasa wanaokaa kutwa, na kuna wengine, wazee hasa, wanaoumia zaidi kila wanapojipinda kwenda nyuma. Ukiwa wa kundi la pili, liache, ongeza goti kifuani.

Pamoja na hayo, tembea. Chukua zile dakika ulizoandika Hatua ya 3, toa kidogo, anzia hapo. Mtu wa dakika 8 aanze na 6, mara mbili kwa siku.

Hatua ya 6: Wiki ya 3 hadi 6, jenga nguvu

Sasa punguza kulegeza kuwe mara moja kwa siku, na uongeze nguvu siku tatu kwa wiki, ukiacha siku moja katikati. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa hufaa wengi.

*Daraja.* Lala chali, magoti yamekunjwa. Sukuma kwa visigino, inua makalio hadi mwili unyooke kutoka magotini hadi mabegani. Shikilia sekunde 5, shuka polepole. Mara 8, raundi 3. Kosa la kawaida ni kuinua mbavu na kukunja kiuno badala ya kukaza makalio. Ukishikwa na mkakamao nyuma ya paja, sogeza visigino karibu na makalio.

*Mkono na mguu wa upande wa pili.* Piga magoti kama kwenye paka na ngamia. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, shikilia sekunde 8, badilisha. Mara 6 kila upande. Weka kikombe cha plastiki chenye maji kidogo juu ya kiuno: kikimwagika, unajipinda. Watoto wako watalipenda zoezi hili kuliko wewe.

*Ubavu.* Lala upande, kiwiko chini ya bega, magoti yamekunjwa. Inua nyonga, shikilia sekunde 10. Mara 3 kila upande. Bega likiuma, acha kwa sasa, usibishane nalo.

*Kuinuka kitini.* Mara 10, raundi 2, bila kushika. Shuka polepole kuliko ulivyopanda.

Zoezi la pili na la tatu ni kati ya matatu maarufu ya Stuart McGill, mtafiti wa mgongo wa Kanada. Faida yake ni kwamba yanakaza misuli ya kiwiliwili bila kuukunja mgongo mara nyingi. Zile sit-up za shule, ambazo wanaume wengi huanza nazo wakitaka “kukaza tumbo”, ziweke kando kwa sasa.

Hatua ya 7: Wiki ya 7 hadi 12, rudi kwenye mizigo ya kweli

Wengi huishia Hatua ya 6 kwa sababu maumivu yamepungua. Halafu siku maji yanakatika mtaani, mtu anapandisha mitungi mitano ya lita 20, na anarudi kliniki akisema fiziotherapia haisaidii. Mgongo uliozoeshwa mkeka tu haujui mtungi.

Kwanza jifunze kuinama kwa nyonga. Simama, shika ufagio nyuma yako uguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na juu ya makalio. Legeza magoti kidogo, sukuma makalio nyuma kana kwamba unafunga mlango nayo, kifua kikishuka mbele. Ufagio ukiachana na sehemu mojawapo, rudi, anza tena. Mara 10, raundi 2.

Ukilizoea, weka mtungi wa lita 5 juu ya kigoda, uinue kwa mwendo huo huo. Wiki inayofuata uweke sakafuni. Kisha lita 10. Lita 20 huja mwishoni, na kwa wengine huja baada ya wiki ya 12, wala si aibu. Ongeza kitu kimoja kwa wakati: ama uzito, ama idadi, ama kina cha kuinama. Mara 8, raundi 3, mtungi ukiwa karibu na mwili.

Malizia kwa kubeba: mtungi mkono mmoja, tembea hatua 20 wima bila kuegemea upande, badilisha mkono. Hilo hufunza mwili wako jambo ambalo mkeka haulijui.

Wale wa mjengo wanaobeba mifuko ya saruji ya kilo 50 wana mpango wao, na lazima upangwe na mtaalamu aliyeiona kazi. Lakini hata wao huanzia kwenye mtungi wa lita 5.

Hatua ya 8: Tembea, na usiache

Ongeza dakika chache kila wiki hadi ufike dakika 30, siku tano kwa wiki. Mwaka 2024 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa Australia wa watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno. Walioingizwa kwenye mpango wa kutembea pamoja na elimu walikaa siku 208 kwa wastani wa kati (nusu yao zaidi, nusu yao pungufu) kabla maumivu hayajarudi. Wasioingizwa walikaa 112. Hakuna mashine niijuayo yenye bei nafuu kuliko hiyo.

Mahali? Karura na Arboretum pana kivuli na udongo laini, ila kuna kiingilio. Asiyetaka kulipa ashuke vituo viwili kabla ya stendi yake amalizie kwa miguu. Wakati wa masika, tope la vichochoroni huteleza na kuanguka kutakurudisha nyuma. Tembea ndani, kwenye korido au ngazi za ploti.

Hatua ya 9: Rekebisha siku yako

*Matatu.* Usikae kiti cha nyuma kabisa. Kiti kilicho nyuma ya magurudumu hurushwa zaidi kwenye kila tuta. Kaa katikati, kunja taulo au sweta liwe mto mdogo nyuma ya kiuno, na kwenye msongamano badilisha mkao kila dakika chache. Ukishuka, simama nusu dakika kabla ya kuinua mzigo.

*Ofisini.* Hakuna mkao mmoja mtakatifu. Mkao mbaya ni ule uliokaa nao saa tatu. Inuka kila nusu saa, hata kama ni kwenda kuchota maji.

*Kufua na kupiga deki.* Beseni lipande juu ya kigoda au ukuta mfupi. Tumia mopu ya mpini badala ya kuinama miguu imenyooka. Nguo za wiki nzima zigawe siku mbili.

*Mama mboga na mlinzi wa geti.* Mmoja huketi chini mno, mwingine husimama usiku kucha. Dawa ni ile ile: wa kwanza apandishe kiti na asimame kwa kila mteja, wa pili apate kitu cha kupumzishia mguu mmoja mmoja, na aombe kigoda.

*Kitanda.* Sakafu si tiba. Wala godoro gumu kama mbao. Utafiti wa Hispania wa mwaka 2003 uliohusisha watu 313 uligundua kuwa godoro la ugumu wa wastani liliwafaa zaidi kuliko lile gumu. Ukilalia ubavu weka mto kati ya magoti. Ukilala chali, uweke chini ya magoti.

Makosa yanayorudisha watu nyuma

Siku nzuri ndiyo hatari kuliko mbaya. Mtu anaamka Jumamosi hana maumivu, anafua mapazia, anahamisha kabati, anaenda Gikomba na kurudi na furushi. Jumapili haamki. Jumatatu anaambia watu mazoezi yalimdhuru. Siku ya namna hiyo fanya kiasi kile kile ulichoandika, hata kama unahisi unaweza mara mbili.

Kosa la pili ni kuvaa mkanda wa kiuno kutwa kwa miezi. Kama unakusaidia kumaliza safari ndefu, vaa safarini, uvue ukifika.

La tatu ni vidonge na sindano za duka la dawa. Diklofenaki na ibuprofeni zikitumiwa mfululizo huweza kutoboa tumbo, kudhuru figo na kupandisha presha. Kama unazihitaji ili uweze kufanya mazoezi, zungumza na daktari kuhusu kiasi na muda, hasa ukiwa na kisukari au presha.

Na tafadhali, usimruhusu mtu yeyote akukanyage mgongo. Najua kuna mjomba fulani aliyepona hivyo.

Ukikwama

*Maumivu yameongezeka wiki ya kwanza.* Kama ni uchovu wa misuli unaoisha ndani ya siku moja au mbili, ni kawaida kwa mwili uliokaa muda mrefu bila kazi. Kata nusu, endelea. Kama ni maumivu mapya yanayoshuka mguuni, au ganzi, rudi Hatua ya 1.

*Kiuno kimekamata ghafla katikati ya mpango.* Hutokea, na haimaanishi umeharibu kitu. Siku mbili tatu rudi kwenye mazoezi ya Hatua ya 5 tu, weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo kwa dakika 15, tembea kidogo kidogo ndani ya nyumba. Kisha anzia wiki moja nyuma ya pale ulipokuwa.

*Sina nafasi, nyumba ni chumba kimoja.* Daraja na kuinuka kitini, basi. Hayo mawili na kutembea ni bora kuliko mazoezi nane yasiyofanyika.

*Naogopa kuinama.* Anza kuinama ukiwa umekaa kitini, mikono ikiteleza kuelekea vifundoni. Woga huu ni wa kawaida, na usemwe wazi kwa mtaalamu, kwa sababu una mbinu zake.

*Wiki 6 zimepita, daftari halijasogea.* Kwanza hesabu siku ulizofanya kweli. Zikiwa chini ya nusu, tatizo ni ratiba. Badilisha saa, punguza mazoezi yawe matatu. Zikiwa nyingi na bado hakuna mabadiliko, peleka daftari kwa mtaalamu uombe upimwe upya na mpango ubadilishwe. Wiki 12 zikiisha hivyo hivyo, omba upelekwe kwa daktari wa mifupa au wa maumivu, ukiwa na daftari hilo hilo mkononi.

*Nimesafiri ushago nikaacha wiki tatu.* Usianze pale ulipoachia. Rudi hatua moja nyuma kwa wiki moja, kisha uendelee. Na safari ijayo, kumbuka mitungi iko ushago pia.